Nimejenga banda la tausi mara mbili: vipimo, nyavu na makosa yangu (Pemba)

Mkulima wa Ole:

Assalamu alaykum jamaa.

Mwezi huu watu watatu wameniandikia pembeni wakiuliza namna ya kujenga banda la tausi la nje, na mmoja wao keshachimba mashimo ya nguzo. Nimeona niandike hapa mara moja tusome sote, na wenye ujuzi kunishinda wanirekebishe. Mie niko Pemba, upande wa Ole, udongo mwekundu kati ya mikarafuu. Nina dume mmoja na majike watatu. Banda wanalokaa sasa ni la pili. La kwanza nililivunja kwa mikono yangu.

Lile la kwanza nililijenga kwa hesabu za kuku. Nilichukua vipimo vya banda la kuku wa kienyeji, nikaongeza kidogo huku na kidogo kule, nikaona yatosha. Mita mbili kwa tatu, kimo cha kuingia umeinama, na waya wa kuku wa matundu ya pembe sita kila upande mpaka juu. Dume aliingia na mkia wake kamili, manyoya yanakaribia mita moja na nusu. Haikufika miezi miwili, mkia ulikuwa umebaki mbavu tupu. Akigeuka unakwaruza waya. Akitaka kuutandaza mbele ya majike unagota huku na huku, anaukunja. Ncha zenye yale macho ya buluu na kijani zote zilikatika zikaishia matopeni, na ilibidi nisubiri anyonyoke mwisho wa msimu ndipo mkia mpya uote. Mkia unaota upya kila mwaka, lakini dume anayevunjikiwa nao kila mwaka ni dume anayeishi mahali asipopaswa kuishi.

Kilichoniuma zaidi ni usiku mmoja paka shume aliporukia paa. Kuku akishtuka hukimbia. Tausi akishtuka huruka juu, wima, kwa nguvu zake zote. Jike mmoja alikwenda na kichwa kwenye waya wa juu, ngozi ya utosi ikapasuka. Alipona, alhamdulillahi, lakini asubuhi ile nilipomkuta na damu shingoni nilijua kosa si la paka.

Kwa hiyo la kwanza kabla ya mbao na saruji: pima banda kwa mkia wa dume na kwa mruko wake. Ukubwa wa kiwanja chako unakuja baadaye.

Mkia ukitandazwa hupita mita mbili kutoka ncha hadi ncha. Upana wa banda usiwe chini ya mita tatu. Mie nimeweka nne. Urefu nimeweka tisa. Hiyo ni mita za mraba 36, yaani kila ndege anapata tisa. Kimo ni mita 2.7 pale chini kabisa, ili mtu mzima asimame na ndege aruke bila kugonga. Kama eneo lako ni dogo, punguza idadi ya ndege. Upana usiuguse.

Juu msiweke waya. Rudia tena moyoni: juu msiweke waya. Wekeni wavu laini, ulegezwe kidogo, ili anayeruka apokelewe kama nguo ya kuanikwa inavyopokea jiwe. Na sisi watu wa visiwani tumejaaliwa, nyavu zimejaa. Mie nilikwenda Wesha kwa wavuvi, nikapata nyavu kuukuu za uzi wa nailoni uliosokotwa, matundu ya inchi moja na kidogo. Mzee mmoja akaja na sindano yake ya kusukia akaziunga vipande kwa vipande siku mbili, kazi safi kabisa. Chini ya wavu nimepitisha kamba nene za nailoni kila baada ya mita mbili, zimevutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Kamba ndizo zinazobeba uzito, wavu umelala tu juu yake.

Epukeni ule wavu wa uzi mmoja unaong'aa, usioonekana majini. Tausi hauoni, na akinasa kidole unamkata.

Pembeni nimetumia waya wa meshi uliochomelewa, wenye zinki. Mita moja ya chini matundu ya nusu inchi, kutoka hapo kwenda juu inchi moja. Ule wa chini ni kwa ajili ya cheche (mnyama mdogo mwizi wa kuku) na nyoka, na pia kwa vifaranga, maana kifaranga wa tausi siku ya pili tu ukimwacha penye inchi moja unamkuta nje. Kisha waya mwengine wa upana wa sentimita 60 nimeulaza chini, nje ya banda, kuzunguka pande zote, nikaufunika kwa mawe na udongo. Mnyama anayechimba huanza pale pale ukutani. Akikuta waya chini ya kucha hajui arudi nyuma kiasi gani, anakata tamaa.

Pa kulala: mbao ya inchi mbili kwa nne, imelazwa kwa ubapa wake, kimo cha mita 1.6 kutoka chini. Dume mzima ana kilo nne hadi sita, na mguu wake ni mpana, fito nyembamba ya kuku haimfai. Kati ya mbao na ukuta wa nyuma acheni mita 1.2 na zaidi, mkia uning'inie wenyewe. Watu wengi hutundika mbao kwenye kona kwa sababu ni rahisi kupigilia, halafu wanashangaa manyoya yamepinda upande mmoja.

Upande wa kusini nimeziba kwa bati na mbao mpaka juu, kwa sababu mvua ya masika huku kwetu huja ikisukumwa na upepo wa kusi. Theluthi ya banda upande huo ina paa kamili, na ndipo palipo na mbao ya kulalia, chakula, na shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na jivu la kuogea. Theluthi mbili zilizobaki ni wavu mtupu, jua na mvua vinaingia. Wanapenda kunyeshewa, mtawaona.

Sakafu nimeinua. Udongo wetu ukinyeshewa ni ugali. Kokoto chini, mchanga juu, jumla kama sentimita 20, na mfereji nje kuzunguka. Mchanga nunueni kwa wenye ruhusa ya kuchimba. Ule wa ufukweni una chumvi, na fukwe zetu zimeliwa vya kutosha.

Milango ni miwili. Unaingia wa kwanza, unaufunga, uko kwenye kijumba cha mita moja na robo, ndipo unafungua wa pili. Nimeshaona tausi wa mtu akimpita mwenyewe begani kwa mlango mmoja, akalala juu ya mwembe siku nne.

Maswali karibuni.

---

Mama Jambiani:

Waalaykumu salaam kaka yangu. Umeandika kwa watu wenye udongo. Sie wa uwandani tufanyeje? Kwangu ni mawe matupu, jembe halizami hata kidole. Na bahari iko hatua mia mbili. Waya wa zinki niliozungushia bustani yangu, mwaka wa pili ulikuwa unavunjika kwa mkono.

---

Mkulima wa Ole:

Dada, uwandani una neema moja kubwa: anayechimba hachimbi. Cheche hawezi kutoboa jiwe. Kwa hiyo ule waya wa kulaza chini unaweza kuupunguza, ila mianya yote kati ya mawe izibe kwa zege, maana mwanya wa kidole ni njia ya nyoka.

Nguzo sikushauri upasue mwamba. Chukua mtalimbo, toboa kiasi cha sentimita 30 tu, kisha jenga kisanduku cha zege kuzunguka mguu wa nguzo juu ya jiwe. Au jenga msingi wa matofali kozi (mistari) tatu kuzunguka banda zima, nguzo zikae ndani yake. Mie hilo la kozi tatu nalipenda zaidi, nimelifanya huku pia: kuku wa jirani hawapitishi midomo, na mchanga wa ndani haukokotwi na maji.

Kuhusu kutu nawaachia wanaokaa baharini wajibu.

---

Fundi wa Nyavu, Nungwi:

Hapo kwenye kutu naingia mie.

Mama, karibu na bahari waya wa zinki mtupu ni kupoteza pesa. Tafuta ule uliovikwa plastiki, mara nyingi wa kijani au mweusi. Na unapoukata, kila ncha iliyokatwa ipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi huingilia pale palipokatwa, ikatembea chini ya plastiki usiione. Mweusi una faida nyengine: macho yanaupita, unamwona ndege kuliko waya.

Bwana wa Ole kasema kweli kuhusu nyavu, lakini kaacha jambo. Adui wa wavu juu ya banda ni jua. Baharini wavu unakaa majini, unarudi, unaanikwa, unatundikwa kivulini. Juu ya banda uko juani kutwa, kila siku. Nailoni inakauka, inakuwa kama uzi wa tambi mbichi. Kila mwanzo wa kaskazi, msimu wa joto, panda ngazi, shika uzi mmoja upande wa jua kali, uvute kwa vidole viwili. Ukikatika, wavu wote huo umekwisha hata kama kwa macho ni mzima. Wavu mweusi au uliotiwa lami huvumilia zaidi kuliko mweupe.

Na msijenge chini ya mnazi. Nazi ikianguka kutoka juu haizuiwi na wavu wowote ninaoujua, na kuti kavu likilala juu ya wavu hukusanya maji na majani mpaka kamba zinashuka. Fagieni juu kwa mti mrefu kila wiki.

---

Mkulima wa Ole:

Ahsante sana fundi, hilo la kuvuta uzi sikulijua, kesho nalifanya.

Nami nimekumbuka jambo zito ambalo sikuliandika kule juu, na pengine ndilo lililonigharimu kuliko yote. Vipande vya waya. Fundi anafunga waya wa meshi kwenye nguzo kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, anakata ncha, ncha inaanguka mchangani. Tausi huokota kinachong'aa. Nilimpoteza jike mmoja hivyo, wa nne, mbali na hawa watatu nilionao. Alikonda, akasimama kona moja siku tatu, akafa. Tulipompasua tulikuta kipande kama cha sentimita tatu kimetoboa firigisi.

Banda la pili lilipokwisha, nilitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga kwenye kamba, nikaiburuta mchangani mstari kwa mstari kama mtu anayelima. Nilijaza kopo: misumari, ncha za waya, na kizibo kimoja cha soda. Mafundi walikuwa wameniapia wameokota vyote. Fanyeni hivyo kabla ndege hajaingia, na mrudie kila mkishafanya matengenezo.

---

Bwana Mifugo:

Nimefurahi kuusoma uzi huu. Naongeza la ardhi, kwa sababu nimeona watu wakijenga banda zuri kisha wanazika ndege.

Usijenge banda la tausi palipokuwa na kuku, wala ubavuni mwa kuku. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo wa nyuma inayoitwa Heterakis. Ndani ya mayai ya minyoo hiyo hujificha kijidudu cha ugonjwa wa histomoniasi. Kuku mara nyingi haonyeshi lolote. Tausi, kama bata mzinga, anaumwa sana: ini linafanya madoa ya duara, kinyesi kinakuwa cha njano, anafumba macho na kushusha mbawa. Mayai hayo hukaa udongoni miaka, na nyungunyungu wakiyameza wanayahifadhi. Tausi akimla nyungunyungu baada ya mvua, kazi imekwisha. Hapo mtaona kwa nini ile sakafu iliyoinuliwa ya kokoto na mchanga ni kinga kabla ya kuwa usafi.

Kama huna eneo jengine, ondoa udongo wa juu, weka kokoto na mchanga mpya, jenga zile kozi tatu, na viatu vya bandani viwe vya banda hilo tu. Dawa za minyoo wape kwa ratiba ya ofisi ya mifugo ya wilaya yako. Na kideri (mdondo) nacho hakichagui: chanjo ya kuku wako wote wa nyumbani ni kinga ya tausi wako.

Jambo jengine la ofisi: kabla hujalipa pesa za ndege, pita ukaulize kuhusu kibali, na karatasi ya manunuzi iweke.

---

Kijana wa Donge:

Shikamoo wazee wangu. Mie naona makuti ndiyo bora kwa paa la sehemu ya kulala. Baba yangu kafuga kanga na bata miaka yote chini ya makuti. Bati ni jiko, mchana wa kaskazi ndege atapikwa.

---

Mkulima wa Ole:

Marahaba mwanangu. Kuhusu joto uko sahihi, na kuna jengine hukulitaja: mvua kubwa juu ya bati usiku ni kishindo, na tausi nimeshawaeleza anavyoshtuka. Lakini makuti peke yake panya hujenga humo, na utitiri hujificha kwenye njiti, ukipulizia dawa hufiki ndani.

Nilichofanya ni vyote viwili. Bati chini, mwinamo mkali, kisha makuti yamelazwa juu ya bati na kufungwa kwa kamba ya usumba. Makuti yanakula jua na kelele, bati linazuia panya wasishuke na maji yasipenye. Makuti yakioza unabadilisha bila kugusa kitu ndani. Mafundi hapa kijijini walinitazama kama ninapoteza mali, lakini saa nane mchana ingia chini yake uhisi mwenyewe.

---

Mama Jambiani:

Na kunguru? Huku kwetu hata kifaranga wa kuku hakai nje.

---

Bwana Mifugo:

Mama, kunguru hawa waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka, na tausi naye asili yake ni huko huko, kwa hiyo wanajuana tangu zamani. Dume mzima hawamwezi. Mayai na vifaranga ndiyo shabaha yao. Wavu wa juu wa inchi moja na kidogo unamzuia kabisa, mradi usiwe umetoboka kwenye kona unapokutana na ukuta. Kona hizo ndizo za kukagua.

Jike mtengenezee pa kutagia mahali pa giza, chini, ndani ya sehemu yenye paa: sanduku la sentimita 60 kwa 60, majani makavu, na kuti moja limeegemezwa mbele kama pazia. Hutaga mayai manne hadi sita, hulalia siku 28. Akiona anaonekana hutaga ovyo.

Kwa Unguja ongezeni chatu na ngawa kwenye hesabu. Nguzo za nje zivisheni kipande cha bati laini cha sentimita 60, kimo cha kifua, mpandaji ateleze. Na matawi yote yanayofika juu ya banda yakatwe. Mara nyingi ngazi ya mwizi ni mwembe wako mwenyewe.

---

Mkaazi wa Mkunazini:

Nina ua wa ndani Mji Mkongwe, mita tano kwa nne, kuta za mawe pande zote, hakuna mnyama anayeingia. Jozi moja tu nataka. Mwaonaje?

---

Mkulima wa Ole:

Ndugu yangu, vipimo vyako si vibaya. Lakini sauti. Msimu wa kujamiiana dume hulia alfajiri, jioni, na usiku wa mbalamwezi, na mlio wake unasikika mbali sana. Huku kwangu jirani wa karibu yuko nyuma ya mikarafuu, na bado nilikwenda kumwomba radhi kabla sijaleta ndege. Ndani ya kuta za mawe sauti itazunguka mtaa mzima, na kuna wagonjwa, wazee na watoto wachanga nyuma ya kila dirisha. Usiwalete. Kama una ndugu mwenye shamba Mwera au Kizimbani, jenga kule ukawatembelee.

---

Mgeni wa Konde:

Assalamu alaykum. Mie ndiye niliyekwishachimba mashimo. Nguzo ni za mivinje, nane, na mashimo nimeyaweka upana wa mita mbili na nusu. Zege bado. Sasa nimekwama, nianze upya?

---

Mkulima wa Ole:

Waalaykumu salaam. Mshukuru Mungu zege bado. Safu moja iache ilipo. Safu ya pili isogeze nje mpaka upate angalau mita tatu na nusu, yale mashimo ya zamani yafukie ushindilie vizuri, maana shimo bovu ndani ya banda hutuama maji. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili.

Mivinje ni nguzo nzuri, iliyonyooka, lakini mchwa wanaipenda. Usiizike kwenye udongo mtupu wala usiipake oili chafu ya gari, ndege watadonoa. Mimina zege lipande sentimita kumi juu ya ardhi, ulifanye mteremko ili maji yasisimame mguuni mwa nguzo. Na maganda yote yabanduliwe kwanza.

Ndege wakifika, waingize asubuhi, usiwaingize magharibi. Siku za mwanzo funga vitambaa vyeupe kila mita moja kwenye waya, waone mwisho wa banda ulipo kabla hawajaujua kwa kifua. Wiki moja yatosha, kisha uvitoe. Wiki hiyo aingie mtu mmoja tu, nguo zile zile, saa zile zile.

Tuma picha hapa kabla ya kumimina.

---

Mgeni wa Konde:

Nimesogeza leo na mdogo wangu, imetoka mita tatu na sentimita 80, ukuta wa bustani ndio ulionizuia. Mbao ya kulalia nimeichora upande wa kusini, mita moja na robo kutoka ukutani. Wavu nauendea Wesha Jumamosi inshallah. Yule mzee wa sindano bado yupo?

---

Mkulima wa Ole:

Yupo. Nenda baada ya alasiri, asubuhi anakuwa baharini. Mwambie umetoka kwa mtu wa tausi wa Ole, atajua matundu ya kukupa.